BOTI UMENUNUA, TELA NANI KATENGENEZA?

Jamani, leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee boti. Siongelei boti za Zanzibar wala pantoni la Kigamboni. Naongelea boti ndogo za rimoti, zile za urefu wa mkono, unazibonyeza ukiwa nchi kavu na zenyewe zinakata maji.

Najua kuna ambao wameshaanza kucheka. Mtu mzima mwenye ndevu zake anashinda Jumamosi nzima na tupa mkononi, anatengeneza tela la kubebea boti ya kuchezea! Si angelala tu? Si angeangalia mpira?

Vumilieni kidogo, nina hoja yangu. Boti ya rimoti ukiinunua dukani ukaitia majini, umejipatia burudani ya robo saa mpaka betri iishe. Baada ya hapo inawekwa juu ya kabati. Lakini siku unapoamua kuitengenezea vikorombwezo vyake kwa mikono yako mwenyewe, yaani kigoda cha kuiwekea, taa, nanga, madafrao ya ubavuni, ndoano ya kuvutia, na hasa tela la kuibeba na kuishusha majini, hapo ndipo darasa linapofunguliwa. Na mimi nadhani hilo ni darasa ambalo sisi watu wa pwani na watu wa maziwa tunalihitaji kuliko tunavyofikiri. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuliondoe hili la "utoto". Boti ya rimoti ya kwanza kuonyeshwa hadharani haikutengenezwa na mtoto. Ilitengenezwa na Nikola Tesla, na aliionyesha mwaka 1898 pale Madison Square Garden, New York. Hati ya ugunduzi aliipata Novemba 8 mwaka huo huo, namba 613,809. Watu walipoona kichombo cha chuma kinageuka kushoto na kulia bila kamba wala mtu ndani, wapo waliodhani ni mazingaombwe. Leo droni, rimoti za mageti na vyombo vya angani vinavyoongozwa kutoka ardhini ni ukoo mmoja na kile kichombo.

Na kabla yake kulikuwa na Mwingereza aitwaye William Froude. Huyu miaka ya 1870 alijenga bwawa refu huko Torquay, akawa anavuta vijimeli vidogo majini na kupima vinavyokinzana na maji. Kutokana na vijimeli hivyo aliweza kukadiria meli kubwa itahitaji nguvu kiasi gani kabla haijajengwa. Mpaka leo meli kubwa hujaribiwa hivyo hivyo, kwa mfano mdogo kwanza. Kwa hiyo ukimuona mtu na boti ndogo usifikiri anacheza tu. Wenye meli walianzia hapo hapo.

Haya, tuje kwenye nanga.

Tuseme boti yako ni mfano wa boti halisi kwa kipimo cha 1 kwa 25. Maana yake kila sentimita 1 ya boti yako ni sentimita 25 za boti halisi. Hilo kila mtu analielewa. Lakini uzito haufuati hesabu hiyo. Kitu kina urefu, upana na kina, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 25 mara 25 mara 25, ambayo ni 15,625. Boti ya kilo 1 mkononi mwako inawakilisha chombo cha tani 15 na nusu hivi. Rudieni kuisoma sentensi hiyo.

Sasa kijana anatafuta nanga. Anaokota nati moja nene, anachomelea vijiti viwili, anapaka rangi nyeusi, anaifunga kule mbele kwenye omo. Imependeza kweli kweli. Ina gramu 30. Hivi unajua gramu 30 kwa kipimo hicho ni nini? Ni kilo 468! Karibu nusu tani imening'inizwa kwenye pua ya boti. Nanga ya kilo 50 ya chombo halisi ingetakiwa iwe na gramu 3 na kidogo tu, uzito wa kipande kifupi cha waya. Ndiyo maana ukiiweka ile nati, boti inainamisha kichwa, propela inanyanyuka nyuma, na mwendo unakufa.

Hakuna mwalimu aliyesema kitu hapo. Maji yamesema yenyewe.

Endelea. Baada ya nanga anataka mlingoti wenye taa, anataka paa, anataka honi, anataka watu wa plastiki wamekaa juu. Kila kitu ni chepesi, gramu 5 hapa, gramu 10 pale. Boti inaingia kwenye beseni, imesimama vizuri tu. Akiipiga kona kali, inalala upande na hairudi. Imepinduka. Uzito wote ulikuwa uleule alioukubali mwenyewe, ila ameuweka juu. Angeichukua betri, ambayo ndiyo kitu kizito kuliko vyote, akailaza chini kabisa katikati juu ya mkuku, na akapunguza vikorombwezo vya juu, boti hiyo hiyo ingeinama na kurudi.

Hapa ndipo kicheko kinatakiwa kiishe.

Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Septemba 10, 2011 ikawa MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia gati la Ukara, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho yao. Zaidi ya watu 200 walikufa siku hiyo. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimebeba kupita uwezo wake. Sisi waandishi wa habari tunajua kuandika idadi ya maiti na majina ya viongozi waliofika kutoa pole. Kueleza kwa lugha nyepesi kwa nini chombo kinaelea saa zima halafu kinapinduka kwa dakika moja, hapo huwa tunaruka aya.

Sisemi kwamba boti ya rimoti ingeokoa watu wa Ukara. Waliotakiwa kuzuia chombo kujaa kupita kiasi wana majina na vyeo. Ninachosema ni hiki: mtu ambaye akiwa na miaka 13 aliona kwa macho yake boti yake ikilala kwa sababu alirundika vitu juu, akija kuwa abiria, baharia, karani wa tiketi au mkuu wa bandari, atauona msongamano wa juu ya sitaha kwa jicho tofauti. Hatahitaji kuambiwa kwamba watu wakikimbilia upande mmoja chombo kinakwenda nao. Anajua tayari, aliona kwenye beseni.

Tuendelee na taa, maana zina somo lake. Chombo cha injini usiku kinawasha taa nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, na nyeupe. Si mapambo hayo, ni sheria ya kimataifa ya kuzuia vyombo kugongana, ya mwaka 1972. Ukiona nyekundu unajua unaangalia ubavu wa kushoto wa mwenzako. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, kaa chonjo, anakuja moja kwa moja kwako! Waulizeni abiria kumi wa boti wanaovuka kila wiki kama wanalijua hili. Kijana aliyefunga taa hizo mwenyewe kwenye boti yake hasahau maisha yake yote.

Na anapozifunga anakutana na hesabu ya fizikia ambayo darasani ilimpa usingizi. Betri ya lithiamu ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4. Taa nyekundu ya LED inataka volti 2 hivi na miliampia 20. Zinazobaki ni volti 6.4. Ukizigawa kwa 0.02 unapata omu 320, na dukani utapewa kizuia umeme cha omu 330. Ukipuuza hesabu hiyo na kuunganisha moja kwa moja, taa inawaka kwa sekunde moja kwa mwanga wa ajabu, halafu inazimika milele. Sheria ya Ohm kwa vitendo.

Sasa tela. Hili ndilo ninalolipenda, na ndilo watu wengi hawaoni umuhimu wake. Boti si unaibeba tu mkononi? Unaweza. Lakini boti yenye propela, usukani na betri, ukiishika vibaya inakukata au inakatika. Na ukiiweka chini kifudifudi kwenye mchanga, usukani ndio unaobeba uzito wote. Tela linaibeba, linaisogeza, linaishusha majini na kuipokea ikirudi.

Watu wa pwani hii si jambo geni kwenu. Mmewaona wavuvi wanavyopandisha chombo pwani: wanalaza magogo, wanakibiringisha juu yake, gogo la nyuma likibaki wazi linachukuliwa na kupelekwa mbele. Angalieni tela la boti la kisasa, lina viringi vya mpira katikati vinavyopokea mkuku. Ni magogo yale yale, tofauti ni kwamba sasa yamefungwa kwenye fremu yenye magurudumu. Babu zetu wasingehitaji maelezo.

Fremu unaipata wapi? Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, omba vipande vya pembe vinavyobaki. Ekseli iwe chuma cha milimita 4 hivi. Spoki ya baiskeli inavutia macho lakini ukiitwika kilo 2 itapinda. Pande mbili weka mbao ndefu nyembamba zilizofuata umbo la tumbo la boti, zivalishe kipande cha zulia ili zisikwaruze rangi. Mbele weka kizuizi cha omo. Cha kufungia, kata mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakikisha propela na usukani havigusi kitu chochote.

Matairi ya ndala, kama ya magari ya waya tuliyokuwa tunasukuma? Safi sana, ila kuna jambo. Ndala huelea. Ukiweka matairi makubwa ya ndala kwenye tela jepesi, ukiliingiza majini linataka kunyanyuka pamoja na boti, wakati tunataka boti inyanyuke na tela libaki chini. Kwa hiyo fanya matairi yawe madogo au tela liongezwe uzito chini. Hata hilo ni somo la Archimedes, na limetoka kwenye ndala iliyokatika.

Kuna hesabu moja ya tela ambayo naomba madereva wetu wa barabara kuu nao waisome. Ekseli inawekwa wapi? Wengi wataiweka katikati kabisa ili tela lisimame sawa kama mizani. Hapana. Uzito lazima uegemee mbele kidogo, pale tela linapoungana na kinachovuta. Kanuni inayotumika sana kwa matela halisi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae pale mbele kwenye kiungio. Tuseme boti na tela ni kilo 2 na nusu. Asilimia 10 ni gramu 250. Kama kutoka kwenye kiungio mpaka ekseli ni sentimita 50, basi kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe sentimita 5 mbele ya ekseli. Ukitaka kuhakikisha, weka kile kichwa cha tela juu ya mizani ya jikoni, isome.

Ukiweka uzito nyuma ya ekseli nini kinatokea? Livute taratibu, hutaona kitu. Ongeza mwendo. Tela linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi ya mara iliyopita, mpaka linalala. Ukiwa sebuleni unacheka. Barabarani, nyuma ya pikapu iliyokwenda kasi, hakuna anayecheka.

Mengine nitayapitia haraka. Maji yetu ya bahari ni adui wa vyuma. Alumini ikigusana na skrubu ya chuma ndani ya chumvi inaliwa, unaona unga mweupe. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, tenganisha kwa kipande cha plastiki, na kila ukirudi suuza boti na tela kwa maji baridi, halafu ongeza grisi kwenye shafti ya propela. Kipokezi cha rimoti kikae juu, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Na chagua siku: wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu inaweza kuzidi mita 3, utaliacha tela ukingoni na kulikuta katikati ya bahari. Anayeanza aanzie kwenye karai, baadaye bwawani, bahari iwe mwisho. Na propela isikaribie waogeleaji, hata iwe ndogo namna gani.

Najua hoja itakayokuja: "Wewe unaongelea vitu vya watoto wa matajiri." Naikubali nusu. Boti ya rimoti yenyewe inagharimu, na kuna nyumba ambazo fedha hiyo ni chakula cha wiki. Lakini angalieni orodha yangu upya. Pembe za alumini zilizobaki, zulia lililochakaa, tyubu iliyotoboka, ndala iliyokatika. Sehemu inayofundisha ndiyo sehemu ya bei rahisi! Boti moja ya rimoti inaweza kutumiwa na darasa zima, kila kundi likatengeneza tela lake na nanga yake. Hata kusipokuwa na rimoti kabisa, watoto wa pwani wameunda vingalawa vya kuchezea tangu enzi, tanga likiwa mfuko wa plastiki mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, na sasa wanatumia kiroba au kitambaa. Hesabu ya uzito ni ile ile.

Na vifaa chakavu si aibu. Kule Lamu mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa takataka za plastiki, ubavu wake ukavikwa ndala za kuokotwa. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Dunia nzima ikapiga picha. Hapa kwetu mtoto akiokota ndala kutengeneza tairi tunamwita mchafu, tunamwambia akasome.

Hilo "nenda kasome" ndilo linaloniudhi. Kwani pale alikuwa anafanya nini?

Serikali yenyewe imeshalikubali hili kwenye karatasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na mtaala mpya ulianza kutumika 2024. Ni hatua nzuri. Wasiwasi wangu ni kwamba tunaweza kuigeuza amali nayo ikawa daftari: "Taja aina tano za matela." Mtoto akazitaja zote tano, akapata alama A, na hajawahi kuona tela likiyumba.

Kwa mtazamo wangu, mambo matatu yangewezekana bila kusubiri bajeti. Moja, shule za pwani na za kandokando ya Victoria, Tanganyika na Nyasa ziwe na klabu ya boti ndogo, na fundi wa vyombo wa kijiji aalikwe kama mwalimu. Wazee wanaojua mataruma na kalafati wanazeeka bila mtu wa kuwauliza. Mbili, mashindano yasiwe ya nani ana boti yenye kasi, maana hapo anashinda mwenye mzazi mwenye fedha. Alama zitolewe kwa tela na vikorombwezo: je, boti imesimama sawa? Tela limeyumba? Taa ziko upande sahihi? Tatu, wazazi wenzangu watarajiwa, ukimnunulia mtoto boti usimnunulie na kigoda chake, na tela lake, na kila kitu. Mpe msumeno mdogo, tupa na msasa, kaa naye, mwache abishane na maji.

Nimalizie hapo kabla sijatukanwa. Kama unaona nimetia chumvi, karibu tubishane. Ila kabla hujaandika "utoto huo", kaa na karatasi, chora tela la boti ya kilo 2, niambie ekseli umeiweka wapi na kwa nini. Nasubiri.